Bastola Haikupaliwa

Mzee Jiliwa aliilaza bastola ya kaka yangu katikati ya meno ya jiliwa, akazungusha mpini mpaka chuma kikashikana na chuma, kisha akaniambia nizibe masikio. Akavuta kamba aliyoifunga kwenye kifyatulio. Bastola ikanguruma. Chuma chake cha juu kikarudi nyuma, kikatema ganda, kikasonga mbele kikiwa tayari kimejipakia risasi nyingine. Akavuta tena. Akavuta tena. Alivuta mpaka risasi zote za magazini zikaisha, na maganda yakatapakaa sakafuni yakitoa moshi.

"Haikupaliwa," alisema.

Sisi wa karakana ya silaha husema bastola imepaliwa pale ganda linaposhindwa kutoka, likanasa mlangoni, na risasi inayofuata ikakosa njia. Ni sawa na mtu anayekula huku anacheka. Kaka yangu alikuwa ameshasema, kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba bastola yake ilipaliwa baada ya risasi ya kwanza, mchana ule wezi wa nyaya za shaba walipoingia na lori kwenye ghala alilolilinda. Mwenzake wa zamu, ambaye wote tulimwita Mtani, aliuawa karibu naye kiasi kwamba kaka alirudi nyumbani na damu yake kwenye viatu.

Kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa na mashaka. Kama bastola haikupaliwa, basi kaka yangu aliacha kupiga kwa hiari yake. Na mlinzi anayeacha kupiga kwa hiari yake mbele ya wezi ana jina moja tu kwenye vinywa vya wakubwa: mwenzao hao wezi. Polisi walikuwa wanasubiri neno la karakana, na karakana ilikuwa watu wawili, Mzee Jiliwa na mimi.

"Mzee," nilisema, "bastola hii ilipoletwa ilikuwa na tope."

"Ilikuwa na tope."

"Mpaka ndani. Niliiona kwenye mfuko. Na sasa inang'aa kama kipara cha meneja."

"Nimeisafisha. Silaha ikivuka kizingiti hiki husafishwa kwanza, mambo mengine baadaye. Hata ingekuwa ya shetani."

"Umesafisha ushahidi, Mzee."

"Nimesafisha bastola, binti. Ushahidi ni kazi ya wanaovaa tai."

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na alinifundisha mimi mwenyewe siku ya kwanza nilipoingia pale na diploma yangu ikiwa bado inanuka wino: chuma kichafu hakisemi kweli. Fundi mwingine yeyote duniani angeweza kuiacha ile bastola na tope lake mezani mpaka mkubwa aje aione. Sisi hatukuweza. Mikono yetu ingewasha. Kama ningeipokea mimi, ningekuwa nimeshaichovya kwenye mafuta ya taa kabla sijavua mkoba begani.

Alilegeza mpini, akaitoa bastola, akaipuliza.

"Jiliwa halina kifundo cha mkono," nilimwambia.

Alijua nilichokuwa nasema.

Mambo yenyewe ni haya. Zamani walinzi wetu walibeba bastola ndogo zenye risasi nyembamba. Zilikuwa hazina maneno mengi. Kisha Meneja wa Ulinzi akazikinai. Alitaka risasi ambayo ikimgusa mtu, mtu huyo asihitaji ya pili. Zikaletwa hizi mpya, na risasi zake nene kama kidole changu cha mwisho, nzito mfukoni kama kokoto. Sitaisingizia bastola ile, maana ni chombo kizuri. Ukiibana kwenye jiliwa na kupiga mbali kabisa, mwisho wa uwanja, matundu yote utayafunika kwa kifuniko cha chupa ya jamu. Lakini bastola ya aina hii inakula teke lake yenyewe. Nguvu ileile inayokupiga kiganjani ndiyo inayosukuma chuma cha juu kirudi nyuma, kiteme, kipakie. Ili kirudi, sehemu ya chini lazima isimame imara, na kinachoisimamisha ni kifundo cha mkono wako. Kifundo kikilegea, bastola nzima inarudi kwa pamoja, chuma cha juu kinanyimwa safari yake, ganda linanasa. Risasi ikiwa nzito, springi huwa ngumu, na springi ikiwa ngumu haisamehi mkono mlegevu. Bastola ndogo humvumilia mgonjwa. Hii haimjui mgonjwa.

Na kaka yangu alikuwa na kifundo kibovu. Alianguka na baiskeli akienda kazini, akakitegua, akakificha ndani ya mkono wa shati. Mlinzi aliyeumia huondolewa kwenye silaha na kupelekwa kuinua na kushusha kizuizi cha magari, na kaka alikuwa mpiga shabaha bora wa kampuni. Picha yake ilining'inia ukumbini. Hakutaka kuinua kizuizi chini ya picha yake mwenyewe.

"Unadhani sijui habari ya kifundo?" Mzee Jiliwa aliniuliza. "Nilikuwa nakaza vifundo vya makuruta kabla mama yako hajaota kukuzaa. Lakini kanuni inasema jiliwa. Nikiandika kifundo wataniuliza, kifundo cha nani? Niandike nini? Kwamba kaka wa fundi wangu aliingia zamu na silaha asiyoweza kuishika, na akanyamaza?"

"Andika ukweli."

"Ukweli huo utamtoa kwenye shimo na kumtia kwenye kisima."

"Kisima kina maji, Mzee. Shimo halina kitu."

Aliipangusa bastola kwa kitambaa. "Mwambie Meneja kaka yako apigishwe kwa mkono wake mwenyewe," alisema. "Mimi sitapinga. Lakini sitasema neno."

*

Meneja wa Ulinzi alinipokea amesimama, maana yake nisikae.

"Fundi, kila mlinzi aliyekimbia ana bastola ya kuisingizia," alisema.

"Kaka yangu hakukimbia. Alikutwa palepale, anavuta ganda kwa meno."

"Kwa meno?"

"Mkono ulikuwa hauna nguvu ya kuvuta. Muulize aliyemwokota."

Nilimweleza habari ya kifundo, yote, mpaka baiskeli. Alisikiliza huku akifunga na kufungua kofia ya kalamu. Hakuwa mjinga, na sitamfanya mjinga ili hadithi iwe tamu. Alielewa mara moja.

"Kwa hiyo unanipa nichague," alisema. "Ama ni mwizi, ama ni mwongo aliyemwua mwenzake kwa kuficha ugonjwa."

"Mwongo hafungwi miaka kama mwizi."

"Wewe ni mkali."

"Mimi ni dada yake."

Akakubali. Ingekuwa asubuhi ya kesho yake, kwa bastola ileile, risasi za boksi lilelile, na mkono wa kaka. Ikipaliwa, angeandika kwamba kilichotokea ni ajali ya mtu asiyekuwa na afya, na kaka angefukuzwa kazi tu. Isipopaliwa, angekabidhiwa polisi palepale. "Na usirudi tena mlangoni kwangu na fizikia yako," aliniambia. Kisha akaongeza kwamba angemwita pia mjane wa Mtani. Alikuwa na haki ya kuona.

Hilo sikulitaka. Lakini mtu aliyeomba maji hachagui kikombe.

*

Nilikwenda kwa mjane kwanza. Tulizoea kumwita Shemeji, mimi na kaka, tangu enzi ambazo Mtani alikuwa akija kwetu kula bila kualikwa na kuondoka bila kuaga. Nilimkuta anapiga pasi sare za shule za wanawe. Hakuacha kupiga pasi.

"Karibu, wifi. Kaa hapo, sogeza hizo soksi."

Nilikaa. Nilimpa pole kwa mara ya ngapi sijui. Kisha nikasema nililolifuata.

"Shemeji, mumeo alijua mkono wa kaka ulikuwa mbovu."

"Alijua." Pasi ikapita kwenye ukosi. "Alimpa na jina. Mkono wa Uji. Alikuwa anamwita hivyo hapahapa, kaka yako amekaa ulipokaa wewe. Siku moja alimpa kikombe cha chai akamwambia, 'Shika kwa miwili, Mkono wa Uji, usije ukatuunguza.' Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje."

"Basi liseme hilo mbele ya Meneja. Hilo tu. Litamsaidia."

Aliisimamisha pasi. Sasa alinitazama.

"Nikisema mume wangu alijua, wataniuliza kwa nini hakutoa taarifa. Nitajibu nini? Kwamba alimpenda rafiki yake? Alisimama langoni na kirungu na redio, akijua mwenye bastola hawezi kuishika, na akafanya jambo hilo kuwa kichekesho. Hivyo ndivyo watakavyoandika. Wanangu wameambiwa baba yao alikufa akilinda. Unataka wasikie amekufa kwa utani?"

"Kaka yangu atafungwa, Shemeji."

"Atafungwa, atatoka. Huyu wangu anatoka lini?"

Alinyanyua pasi, akaendelea na mkono wa shati, taratibu, akifuata mshono.

"Nitakuja kuangalia," alisema bila kuinua uso. "Meneja ameshanipigia simu. Nataka nimwone akiishika. Sikumwona siku ile."

*

Nyumbani nilimkuta kaka anatoka bombani na ndoo ya maji, imejaa mpaka inamwagika. Ameibeba kwa mkono wa kulia, uleule mbovu.

Nilisimama mlangoni kama nimepigwa na umeme.

Tangu aliposimamishwa kazi alikuwa amekaa nyumbani tu, na mama alikuwa amepata kitu cha kufanya na huzuni yake. Kila asubuhi na kila alasiri maji ya moto, chumvi, kitambaa, mafuta. Alikikanda kile kifundo kama mtu anayekanda unga wa wageni mashuhuri. Nilikuwa napita nawaona, kaka amefumba macho, mama ananung'unika, "Legeza, legeza, mkono si wa adui." Niliwaona na nikafurahi. Fundi mzima, ninayejua uzito wa springi kwa kuigusa, niliona mkono unapona na sikuunganisha mambo.

"Mwone mwanangu!" mama alisema. "Mkono umekuwa mpya. Kesho akawapigie hao wanaomsingizia, waone kama ni mtu wa kukimbia."

"Mama, umemkanda mno."

"Mno? Mkono wa mtoto una mno?" Alicheka. "Wewe na vyuma vyako. Ukizaa utajua."

Ningemwambia nini? Kwamba kila kikombe cha maji ya moto alichomimina kilikuwa kinamsukuma mwanawe kuelekea gerezani? Niliingia jikoni nikanywa maji, nikatoka, nikamwita kaka uani.

"Kesho ushike kama ulivyoshika siku ile," nilimwambia.

"Siku ile nilishika kwa nguvu zangu zote, mdogo wangu. Ndizo zilizokuwepo."

"Basi kesho shika kwa nusu."

"Nusu nitaijuaje? Mkono hauna alama kama chupa ya dawa." Alikuwa anajaribu kutania, lakini utani ulitoka umekauka. "Unaniambia nikadanganye."

"Nakuambia ukaonyeshe kilichotokea."

"Kwa uongo."

"Kwa kweli iliyochelewa. Wewe ulipiga, ikapaliwa, ndivyo ilivyokuwa. Mkono umepona kabla ya kesi, basi. Ungekuwa na kidonda kikapona, ungekataa kwamba uliumia?"

Alikaa juu ya ngazi. Akanieleza tena, ingawa sikumwomba. Kwamba alipiga na kioo cha lori kikaporomoka. Kwamba alivuta tena na hakikutoka kitu. Alipotazama aliona ganda limesimama mlangoni mwa bastola kama mgeni asiyejua kama anakaribishwa. Mvua inamwingia machoni, tope la mikono yake linaingia kwenye chuma, kifundo kinawaka moto, ganda halitoki. Na Mtani anamwita.

"Hakuniita jina," alisema. "Alisema, 'Mkono wa Uji, piga!' Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania."

Nilichukua chupa, nikaijaza mchanga, nikampa aishike kama bastola. Nikawa naigonga kutoka mbele kwa kiganja, mfano wa teke, naye anaacha kifundo kikunjike. Mara za kwanza hakikukunjika. Mtu aliyefundishwa kupiga tangu ujana ana mkono unaojifunga wenyewe, hauombi ruhusa. Lakini alijitahidi. Tuligonga mpaka jua likaelekea kwenye ukuta wa jirani, na mwishoni kifundo chake kilikuwa kinaenda kama lango lisilofungwa.

"Hivyohivyo," nilisema.

"Kama nimekufa nusu," alisema.

"Hivyohivyo, kaka."

*

Uwanja wetu wa shabaha uko nyuma ya maegesho ya magari: ukuta wa viroba vya mchanga, paa la mabati, mstari mweupe wa chokaa sakafuni. Asubuhi ile kulikuwa na joto na mabati yalikuwa yanalialia. Meneja alikuja na askari polisi mmoja ambaye alisimama pembeni kama mtu aliyekuja kusubiri gari. Shemeji alipewa kiti cha plastiki. Alivaa nguo nyeusi na viatu vya kazi, kwa sababu kutoka pale alikuwa anakwenda kazini. Kaka alimsalimia, "Shemeji." Yeye alijibu, "Nakuona."

Mzee Jiliwa alileta bastola kwenye kitambaa. Nilinusa mafuta kabla hajaifunua. Alikuwa ameisafisha tena. Ilikuwa imevuka kizingiti, hata kama ilikuwa inatoka nje, na hakuweza kuiacha. Nilimtazama; akatazama mabati.

Bastola safi iliyotiwa mafuta vizuri, chuma chake cha juu huteleza kama ulimi. Husamehe kidogo. Nilijua hivyo. Nilijiambia haitasamehe sana.

Kaka alisimama kwenye chokaa, akanyoosha mkono, akapiga.

Alilegeza. Nilimwona akilegeza. Kifundo kilikunjika, mdomo wa bastola ukatazama juu, na chuma cha juu kikarudi kivivu, kikachelewa. Nilikiona kikichelewa. Ganda likaibuka, likajikongoja, likadondoka kwenye kiatu chake. Kisha chuma kikafunga. Kimepakia.

"Endelea," Meneja alisema.

Akapiga ya pili, vilevile. Ganda likatoka kwa shida, likamwangukia mkononi, likamwunguza. Lakini likatoka.

"Mbona unapiga kama unamwaga maji ya kuoshea vyombo?" Meneja aliuliza.

"Ndivyo nilivyopiga siku ile, bosi."

Kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu. Shemeji alikuwa amesimama.

"Hivyo?" alisema. Hakupaza sauti. "Mume wangu anakuita, na wewe umeishika hivyo?"

Kaka aligeuka kumtazama. Bastola bado ilikuwa inaelekea kwenye viroba, hilo hakulisahau. Nikasema, "Kaka, endelea." Nikasema tena. Sijui kama alinisikia. Walitazamana, wale wawili, na mimi nikaona kitu kinapanda kutoka kwenye miguu yake, kinapita magotini, mgongoni, begani, kinashuka kwenye mkono. Niliwahi kukiona mara nyingi, siku za mashindano. Alikuwa anasimama sawasawa.

"Hapana, Shemeji," alisema. "Si hivyo."

Akageukia shabaha.

Nilitaka kupiga kelele. Niseme nini? Legeza? Mbele ya Meneja na askari?

Akapiga. Mkono haukutikisika. Teke lilimpiga, likakuta mlima, likarudi lilikotoka. Chuma cha juu kilikimbia nyuma na mbele kwa kasi ambayo jicho haliishiki, na ganda likaruka juu, likagonga ukuta, likalia kama kengele ndogo. Akapiga tena. Na tena. Hakuwa na haraka. Alikuwa anapumua, anatulia, anavuta, anapumua. Maganda yalikuwa yanakwenda kuanguka mahali pamoja karibu na ukuta, kama yamepangwa na mtu. Kwa muda ule sikuwa dada. Nilikuwa fundi anayeangalia chombo kizuri kwenye mkono mzuri, na Mungu anisamehe, niliona raha.

Magazini ikaisha. Chuma cha juu kikabaki nyuma, wazi, kinatoa moshi.

Meneja alitembea mpaka kwenye viroba, akabandua karatasi ya shabaha, akarudi nayo taratibu. Matundu mawili ya kwanza yalikuwa juu kabisa, karibu na ukingo, yamepotea njia. Mengine yote yalikuwa yamekusanyika katikati, yamelana mpaka yakawa tundu moja lenye kingo zilizochanika. Ningelifunika kwa kifundo cha kidole gumba. Jiliwa lenyewe halijawahi kupiga vile.

"Mkono mgonjwa," Meneja alisema, na hakuwa anadhihaki. Alionekana amechoka. Alimpa Shemeji ile karatasi aione. Shemeji aliishika kwa mikono yote miwili, akaiangalia kwa makini, kama mtu anayeangalia picha ya watu asiowajua. Kisha akamrudishia.

"Kwa hiyo anaweza," alisema.

"Anaweza," Meneja alijibu.

Shemeji alichukua mkoba wake, akapita mbele ya kaka bila kumgusa, akaenda kazini.

Nilianza kuongea. Niliongea juu ya mafuta, tope, mvua, maji ya moto ya mama, maganda mawili ya kwanza yalivyodondoka karibu. Nilimwonyesha lile lililoanguka kwenye kiatu. "Liangalie lilipolala, bosi, ganda haliangukii kiatuni kama mkono uko sawa!" Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, kama mara ya kwanza. Kisha akasema, "Fundi, tuliahidiana." Nikamgeukia Mzee Jiliwa. Alikuwa ameshaitenganisha bastola juu ya kitambaa chake, anapitisha kijiti chenye pamba kwenye mtutu.

Askari alimsindikiza kaka kwenda maegesho. Niliruhusiwa kutembea naye. Askari alimwambia kaka atoe mikono, kaka akaitoa yote miwili, na pingu zikafungwa juu ya kile kifundo kilichopona.

"Nilianza kulegeza," aliniambia. "Uliona nilianza?"

"Niliona."

"Aliposimama yule, mkono ukakataa. Singeweza kumwonyesha vile. Amezika mtu, halafu aone vile?"

"Basi, kaka."

"Mama utamwambia nini?"

"Sijui."

Gari la polisi lilikuwa limeachwa juani, mlango wa nyuma umefunguliwa, na joto lilikuwa linatoka ndani kama kutoka kwenye tanuri. Kaka alisimama kidogo kabla ya kupanda. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa askari atamcheka:

"Kundi la matundu umeliona?"

"Nimeliona."

"Lote katikati?"

"Lote, ukiacha mawili."

"Hayo mawili hayahesabiwi," alisema. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea habari njema, kisha akainama asigonge paji la uso, akaingia.